Magurudumu Yaliyohamia Kwenye Mkokoteni

Siku ya hospitali, Safta alikamua ng'ombe, akapika ugali wa manjano, akaukata kwa uzi. Mumewe, Pintilie, alikula kidogo. Figo zake zilikuwa zimechoka, na damu yake ilisafishwa kwa mashine mjini.

Kwenye kilima cha kanisa gari lao kuukuu lilikohoa, likazima. Pintilie alishuka kusukuma, kama kawaida. Lakini leo alisukuma kidogo tu, akakaa kwenye majani, uso mweupe kama jibini. Gari la mikate ndilo lililowafikisha.

"Gari hili litakuzika," Safta alisema.

"Mbona wewe hulisukumi?"

"Nani atashika usukani? Wewe?"

Jioni Safta alimweleza jirani yake, Catrina, aliyebadilisha gari mwaka jana.

"Shoga, serikali inasaidia," Catrina alisema. "Unatoa gari kuukuu liharibiwe, maana lina moshi na hatari. Nayo inakulipia sehemu ya bei ya jipya. Sehemu tu, siyo yote. Iliyobaki ni yenu."

Safta alihesabu moyoni: ndama wa kuuza yupo, na mwana wao aliyeko Italia ameahidi kuchangia. Alilala na tumaini.

Jumamosi alirudi kutoka sokoni akakuta gari limekaa juu ya matofali.

"Magurudumu yako wapi?"

"Nimempa kaka yako Gligor, afunge kwenye mkokoteni wa farasi," Pintilie alisema. "Betri nimeiunganisha na uzio wa shamba la mahindi, nguruwe mwitu wasipite. Gari si linakwenda kusagwa? Tuwape chuma kizuri cha nini?"

Catrina alisikia akiwa upande wa pili wa uzio wa ua. Alicheka, kisha akaacha.

"Jirani, hawatalipokea. Linatakiwa zima: injini, giaboksi, bodi, magurudumu, betri. Serikali hailipii mifupa."

"Watajuaje?"

"Wana macho, Pintilie."

Safta alikaa kwenye ndoo ya maziwa. "Sasa tufanyeje?"

"Rudisheni kila kitu. Lipeni kodi ya gari kama mnadaiwa. Halafu nendeni kwa muuza magari aliyeruhusiwa, mjiandikishe mapema, nafasi hujaa. Mkikubaliwa, lipelekeni kwenye yadi yenye kibali. Msimpe yule mnunua vyuma anayepita njiani, hana cheti cha kuwapa. Mkiwa na cheti cha yadi, mnalifuta gari kwenye daftari la serikali, ndipo mnachukua jipya."

Safta alikwenda kwa Gligor mwenyewe.

"Dada, farasi wangu ameshazoea," Gligor alilalamika. "Mkokoteni unateleza kama siagi."

"Mwambie farasi wako mume wangu ana figo mbili tu, na zote zimechoka."

Gligor akaenda kuchukua jeki. Magurudumu ya mbao yakarudi mkokotenini, na kijiji kizima kikasikia anakopita. Betri nayo ikatoka kwenye uzio. Pintilie akawa anagonga sufuria kufukuza nguruwe, huku akinung'unika.

Masika ilipofika, gari jipya dogo la buluu lilitoka uani siku ya hospitali. Catrina alisimama mlangoni akiwapungia mkono.

Kilima cha kanisa kilipoanza, Pintilie alikaza kofia, akashika kitasa cha mlango, tayari kushuka. Gari lilipanda. Likapita kanisa, likapita makaburi, likafika juu bila kukohoa.

Safta aliutazama ule mkono ulioshika kitasa. "Kaa, mzee," alisema taratibu. "Leo hakuna cha kusukuma."

Pintilie aliachia kitasa. Akavua kofia, akaiweka mapajani.