Tundu la Jukwaa katika Ukuta wa Kaskazini

Chokaa ilikuwa imekauka kila mahali isipokuwa pale. Katika kiangazi ambacho hata mto Yantra ulibaki mawe na vidimbwi, ukuta wa kaskazini wa kanisa kuu ulikuwa na doa la unyevu, kubwa kama kichwa cha mtu, usawa wa kifua, nalo lilinuka jasho. Fundi mkuu Voisili aliwaambia watu kwamba ni mchanga mbaya. Huenda baadhi yao waliamini. Yeye hakuamini, kwa maana ndiye aliyeliziba tundu lililokuwa nyuma ya doa hilo, tundu la kushikia mti wa jukwaa la mafundi, na alijua alichokifukia ndani.

Miaka sita alilijenga kanisa lile. Kuta zilisimama, lakini kuba lilianguka mara mbili. Ndipo askofu akamwita Dragota kutoka mji wa Ohridi, mtu mfupi, mcheshi, mla vitunguu saumu, naye akalipandisha kuba kwa msimu mmoja, likakaa. Askofu akaamuru jina la Dragota lichongwe juu ya mlango. Miaka sita ya Voisili ikawa maneno mawili: "na wenzake".

Mafundi wa nchi ile huamini kwamba jengo kubwa hudai kivuli. Kiumbe hai hupimwa kivuli chake kwa uzi, uzi ukafukiwa ukutani. Siku ya arobaini mwenye kivuli hutoweka, na kilichomo ukutani huwa talasimu, mlinzi wa jengo milele. Kwa kawaida hutafutwa kondoo dume. Asubuhi ya sikukuu ya Nabii Eliya, mwezi Julai, Voisili hakutafuta kondoo.

Dragota alikufa kwa homa baada ya siku tisa. Kwamba alikufa, hilo lilikuwa na mashahidi mji mzima. Kwamba aliuawa na uzi, hilo lilikuwa na shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ndiye aliyepaswa kushtakiwa.

Mambo yalianza mwishoni mwa Agosti.

"Fundi, amua moja," alisema Radoi, mpiga lipu. "Asubuhi unaniambia nichanganye chokaa, sasa unaniuliza nani kaniruhusu. Hiyo divai unakunywa peke yako?"

"Mimi nimekuwa machimboni tangu alfajiri."

"Basi machimbo yana miguu. Ulisimama hapo hapo, umeuegemea ukuta. Nikakusalimu, ukaniitikia kwa kichwa."

Wenzake wakacheka. Voisili alilitazama doa, akaona limepanuka.

Adhuhuri alivuka ua kwenda nyumbani kwake. Mkewe, Velika, alikuwa akisuuza bakuli la mtindi.

"Umesahau nini tena?"

"Tena?"

"Si umetoka sasa hivi! Halafu leo una maneno matamu, we mwanamume. Miaka sita unanisimulia matofali. Leo umeniuliza kama nimechoka." Uso wake uling'aa kama ule wa siku za uchumba wao. "Uwe unakuja hivyo hivyo."

Moyoni mwa Voisili kitu kiliwaka, na hakikuwa hofu kwanza, kilikuwa wivu ule ule wa zamani uliopata kuni mpya: kwamba Dragota, aliyekwisha kumnyang'anya kuba na jina la mlangoni, sasa amevaa sura yake, anaamuru mafundi wake, analamba bakuli lake, na, jambo ambalo hakuthubutu kulimaliza hata kichwani, anachekewa na mkewe kwa kicheko ambacho yeye mwenyewe hakukisikia kwa miaka.

Siku mbili alivumilia. Siku ya tatu ilikuwa sikukuu ya kukatwa kichwa Yohana Mbatizaji. Hakuna aliyefanya kazi. Adhuhuri alimleta Padri Manasi kanisani. Padri huyu ndiye aliyeamua mashauri ya askofu, na hakuwa mwepesi wa kusadiki. Voisili alikiri yote kwa kunong'ona.

"Dragota amerudi, Baba. Amevaa sura yangu."

"Nani kamwona Dragota?"

"Radoi. Na mke wangu."

"Wamemwona Dragota?"

"Wamemwona... mimi."

"Basi usiniletee ushahidi wa mtu mwingine." Padri alikuna ndevu. "Homa iliua watu kumi na saba mwezi ule. Sikusikia kwamba wote walipimwa vivuli. Desturi yenu inadai siku arobaini. Dragota alikufa siku ya tisa. Ulipompima, jua lilikuwa wapi?"

"Mgongoni kwangu."

"Naye?"

"Mbele yangu, kanipa kisogo, anakula mkate. Nilirusha uzi wa timazi mpaka pale kichwa cha kivuli kilipoishia, nikaukata."

"Kichwa cha nani?"

Kila fundi hufundishwa kukaa ubavuni mwa anayepimwa, asije akatia kivuli chake mwenyewe. Voisili, kwa haraka na chuki, alisimama nyuma.

"Dragota alikufikia begani," padri alinong'ona, na sauti yake haikuwa tena ya mwamuzi. "Kivuli chako kilikimeza chake. Leo ni siku ya ngapi?"

Voisili alihesabu kwa vidole, tangu Nabii Eliya mpaka Yohana Mbatizaji, akahesabu tena akitafuta kosa ambalo safari hii angelipenda kama mwana, na vidole vikamrudishia arobaini ile ile, na kabla hajaitamka alinyakua tindo na nyundo, akalipiga doa, akapiga, chokaa mbichi ikimrukia machoni na mdomoni, harufu ya jasho, ambayo sasa aliitambua kuwa ni yake, ikijaa kanisa zima, huku padri nyuma yake akiisoma sala ya kufukuza pepo kwa midomo iliyokauka, mpaka jiwe la mwisho likadondoka na tundu likabaki wazi.

Lilikuwa tupu. Halikuwa na uzi, wala kivuli kilichofungwa nao.

Kutoka uani, Velika alicheka.

"Njoo ule kwanza, Voisili wangu. Kanisa halikimbii."

"Kweli, mke wangu," sauti ya kiume ilimjibu, sauti ya Voisili mwenyewe, ila yenye upole ambao yeye hakuwahi kumpa mkewe. "Kazi yangu imekwisha."

Voisili aliita jina la mkewe kwa nguvu zake zote. Kuba halikurudisha mwangwi. Padri Manasi alinyamaza katikati ya sala, akageuka huku na huku, akainua mshumaa.

"Voisili? Umekwenda wapi?"

Alitaka kujibu kwamba yuko hapa, hatua moja tu mbele yake. Lakini macho ya padri yalimpita yakagota ukutani, na kinywani mwa Voisili mlikuwa na ladha ya chokaa, na ubaridi wa jiwe ulikuwa ukimpanda kutoka visigino hadi magotini, taratibu, kama mtu anayepokewa nyumbani. Juu yake kuba la Dragota lilisimama imara. Kanisa lilikuwa lake sasa, lote, wala hakuna ambaye angeweza kumnyang'anya.

Nje, Velika alicheka tena.