Hapana ya Mama Kondo

Basi liliposimama Somanga, wauza samaki walilivamia na masinia yao, na Shamimu aliyekuwa akishuka akapigwa kikumbo. Kadi zake za picha zikatawanyika vumbini: kikombe, kitana, jogoo, kitanda.

Kijana mrefu mwenye fulana ya njano iliyochafuka grisi akachutama kuziokota.

"Mwalimu wa chekechea, dada?"

"Hapana," Shamimu alisema, akiuvuta mtandio wake wa zambarau karibu na uso. "Nawasaidia watu wazima waliopoteza maneno. Mtu anapata kiharusi, akili inabaki, maneno hayaji. Tunaita afasia."

Kijana akaacha kutabasamu. "Kwetu wanasema mama yangu amerukwa na akili."

Aliitwa Kondo, fundi wa friji wa Kilwa Masoko. Wiki ile ile Shamimu, anayefanya kazi Lindi, aliketi mkekani mbele ya Mama Kondo. Alimwekea kadi mbili mbili, akamwomba aguse ile atakayotajiwa. Mama hakukosea hata moja. Maswali marefu ndiyo yaliyomvuruga, na kila aliposita, mwanawe alimjibia.

"Kondo, umeulizwa wewe?"

"Samahani daktari, nimekoma."

Mama Kondo akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu augue.

Simu zikaanza.

"Daktari wangu, umekula?"

"Nimekula, fundi. Niache, nina mgonjwa."

"Na mimi je? Naumwa hapa kushoto."

"Meza panadoli ulale."

Kondo alipomwambia kwamba kwao watapeleka posa, Shamimu alimkabidhi mama kwa mwenzake wa kazi, Fortunata. Hakuona vema kumtibu mkwe wake mtarajiwa.

Kisha simu zikakoma. Shamimu alikuwa akikoroga chai huku macho yakiwa kwenye simu, akilala, akiamka, akiizima na kuiwasha kama iliyoharibika. Mwishowe aibu ikamshinda, akapiga yeye.

"Kondo, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Sauti yake ilikuwa nzito. "Mama amekukataa. Mjomba alimuuliza mbele ya wazee, akasema hapana, akalia. Siwezi kuoa bila radhi ya mama, Shamimu."

Shamimu akaketi kitandani. Machozi yalikuwa njiani, lakini kuna jambo lilimkera kuliko machozi.

"Mjomba alimuulizaje? Nipe maneno yake yote."

"Alisema, 'Dada, unamkubali huyu wa Lindi awe mkweo, au tumposee Kondo yule binti wa Njinjo?'"

"Hayo ni maswali mawili, Kondo. Hapana yake ilikuwa ya lipi?"

Kondo alianza kulirudia swali la mjomba, akaishia katikati.

"Umemuuliza tena?"

"Naogopa, mpenzi. Na kama ni wewe kweli?"

"Hata mimi naogopa. Lakini wamechukua neno moja la mtu anayehangaika kutafuta maneno, wakaondoka nalo. Muulize tena. Swali fupi, moja moja, na umpe muda."

"Njoo umuulize wewe. Ndiyo kazi yako."

"Kwa swali hili siwezi. Nitaona ninachotaka kuona. Na akinikataa, usimbembeleze."

Kesho yake Shamimu hakutulia. Alikwenda sokoni akanunua nyanya, akaziacha kwa muuzaji. Alianua nguo mbichi, akazianika tena. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha simu ilipoita. Jina la Kondo. Akapokea, akasikia pumzi tu.

"Kondo?"

Pumzi haikuwa ya Kondo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Lilitoka lenyewe, jepesi, kama salamu zote zilivyokuwa zikimtoka.

Baada ya hapo hakukuwa na wepesi tena. Mama alianza, akakwama, akaanza upya. Shamimu aliibana simu sikioni, asithubutu kumsaidia hata kwa herufi.

"M... mk..." Akavuta pumzi. Kisha, kwa nguvu zake zote: "Mkwe."

Kelele za Kondo zikajaa kwenye simu. "Umesikia? Nilipomtaja yule wa Njinjo alitikisa kichwa hadi ushungi ukamdondoka! Nilipokutaja wewe akaninyang'anya simu! Mjomba yupo hapa, amesikia mwenyewe."

Shamimu alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Mrudishie simu."

"Unamtaka kama daktari au kama mkwe?"

"Mrudishie, wewe!"

Lakini Mama Kondo alikuwa ameshaichukua mwenyewe.