Karani wa Dirisha la Tatu

"Usiniguse! Na usiniite kipenzi mbele ya mama yangu!"

"Basi niambie nimekosa nini! Filamu haijafika hata nusu, mama anainuka, anatoka na kiatu kimoja..."

"Kiatu nitakirudia," alisema mama mtu. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki koridoni, nje ya ukumbi wa kuonyeshea filamu, mkoba mapajani, mguu mmoja peku. "Kwanza nipe maji, kijana."

Mhariri wa filamu alikimbilia maji. Shati lake jeupe alikuwa amelipiga pasi mara mbili kwa ajili ya asubuhi hii, maana alitaka mama mkwe aone kazi yake kabla ya kuombwa binti. Binti naye, fundi miwani, alivaa gauni jipya la kijani. Walikutana miezi minane nyuma katika duka la kutoa nakala, foleni imefika mlangoni. Binti alimkimbiza hadi barabarani kumrudishia gazeti kuukuu alilolisahau kwenye mashine. "Kaka! Jambazi lako umeliacha!" Ukurasa wa mbele ulikuwa na habari ya Kiberiti, mwizi wa benki aliyetikisa mji miaka thelathini iliyopita, ambaye filamu hii inamhusu. Walicheka, wakapeana namba, na tangu hapo simu hazikukatika.

Mama alimaliza maji, akaweka glasi sakafuni.

"Yule karani wa dirisha la tatu, mnayembusisha na Kiberiti. Ni mimi."

Binti alishika ukuta. Alijua mama yake aliwahi kufanya kazi benki, basi.

"Mimi sikumbusu mtu. Nilijikojolea. Na hilo gauni jekundu la mgongo wazi, nani anakwenda nalo kazini saa tatu asubuhi? Alinigandamizia bunduki hapa." Akagusa tumbo. "Akasema nikichelewa kufungua droo atatuua wote wawili."

"Wawili nani, mama?"

Mama alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Mimi na wewe. Mimba ilikuwa ya miezi saba."

Ndani ya ukumbi filamu iliendelea peke yake. Muziki wa mapenzi ukapenya mlangoni.

"Polisi waliniweka ndani siku tisa," mama akaendelea, sauti kavu. "Walisema mbona alikuja moja kwa moja kwangu, lazima ni bwana wangu. Wakaniachia, lakini kazi ikaenda. Baba yako akaanza kuhesabu miezi ya mimba kwa vidole. Amehesabu mpaka siku anakufa. Leo ninyi mmeandika pale mwanzo 'kisa cha kweli', halafu mnamwambia alihesabu sawasawa."

Binti aligeuka polepole.

"Ulijua?"

"Sikujua ni mama! Naapa. Gazeti halikutaja jina."

"Sikuulizi hilo. Ulijua karani alikuwa mjamzito?"

"Nilijua. Tulianza hivyo hivyo, mwigizaji kafungwa mto tumboni. Mwongozaji akasema mjamzito hauzi tiketi, watu wanataka busu. Wakapiga upya sehemu hiyo, nikaondoa tumbo."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Kumbe ulikuwa unanikata mimi." Alicheka kicheko kibaya, kisha machozi yakamwagika juu ya gauni jipya. "Ijumaa filamu ikitoka, mji mzima utaniona mtoto wa Kiberiti. Wenzake mama wa benki wapo hai, wote wanajua nani alikaa dirisha la tatu!"

Simu ya kijana ililia. Alipoona ni mwongozaji, alifungua sauti ili wote wasikie.

"Umeshatuma filamu? Majumba ya sinema yanangoja, sita kamili!"

"Bosi, busu si kweli. Yule karani yupo hapa, mbele yangu."

"Yupo hapo? Safi sana! Mpige picha, tutamweka kwenye tangazo!"

Binti alimpokonya simu, akaizima. Kijana hakumzuia. Alifungua mlango wa pili, wa chumba kidogo cha kuhariri chenye kioo kikubwa cha kompyuta na harufu ya kahawa ya jana.

"Ninayo nakala ya mwezi uliopita, kabla ya busu. Nayo imekamilika. Mama, tazama kwanza."

Mama alichechemea hadi kwenye kioo. Karani wa filamu alitokea akiwa na blauzi ya kazi iliyobana vifungo, mikono miwili juu ya tumbo, midomo ikitetemeka. Jambazi hakuwa mzuri tena. Alikuwa mtu mwenye bunduki. Mama alitazama hadi mwisho wa tukio bila kupepesa. Mkono wa binti ulikuwa umemshika bega, naye akaufunika kwa wake.

"Tumbo lilikuwa kubwa kuliko hilo," alisema. "Sikuwa naona miguu yangu." Akamgeukia kijana. "Ukituma hii, utafukuzwa?"

"Leo leo."

"Utakula nini?"

"Sijui, mama. Nitapiga picha za pasipoti."

"Naye atauza miwani," mama alisema, akimwonyesha binti kwa kidevu. "Hamtakufa."

Binti alijifuta uso kwa kiganja. "Sijakusamehe bado," alimwambia kijana. "Tuma."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Kijana aliburuta ile nakala ya busu akaifuta, akachagua ya zamani, akabonyeza. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo ukajaa: majumba kumi na moja, yote yamepokea.

Mama aliinua mguu wake peku, akautazama.

"Haya, mkwe. Kaniletee kiatu."