Kiraka cha Mtungi wa Tano

Simu ilitetemeka mara moja mfukoni.

"Shangazi anasafiri saa nane," ilisema sauti ya Mkuu. "Yumo ndani ya mtungi."

"Mtungi upi?"

"Hiyo ndiyo kazi yako."

Ikakatika.

Kobe alitazama saa yake. Saba na dakika ishirini mchana. Juu ya meza ndefu ya karakana mitungi sita ya kale ilisubiri kufungwa kwenye makreti, irudi ng'ambo kwa wenyewe. Ndani ya mmojawapo kulikuwa na huyo "Shangazi": kadi ya kumbukumbu ndogo kuliko ukucha, yenye majina thelathini na moja ya watoa habari wa siri wa idara. La tisa lilikuwa la dada yake wa tumbo moja.

Hii ilikuwa siku yake ya nane kwenye kozi ya mafundi wa kuhifadhi vyombo vya udongo na vioo. Jasusi aliyemtangulia alidumu siku tatu. Walimkuta kichwa kikiwa ndani ya kabati la kufyonza mvuke, feni imezimwa.

Ajali, walisema.

Wanafunzi wenzake walikuwa wameenda kula. Karakana ilinuka asetoni. Bomba lilidondosha maji kwenye sinki.

Tone. Tone.

Alishusha mapazia, akazima taa, akawasha kurunzi ya mwanga wa zambarau. Mkufunzi wao, mama mnene mwenye ulimi wa wembe waliyembandika jina la Bi Gundi, ndiye aliyewafundisha: gundi huwaka gizani, na kila aina ina rangi yake.

Mtungi wa kwanza, mng'ao hafifu kwenye viungo. Wa pili, vilevile. Wa tatu. Wa nne.

Wa tano ulikuwa na kiraka tumboni, buluu kali.

Akaunyanyua kutoka mezani.

"Kila unachobandika, fundi wa kesho aweze kukibandua!" Bi Gundi aliwafokea siku ya kwanza. "Nikimkamata mtu na gundi ya kuchanganya, ile isiyobanduka, nitambandika yeye ukutani!" Wote walitumia gundi ya kuyeyushwa kwa asetoni. Mwenye kiraka hiki hakuthubutu. Asetoni ingetafuna plastiki ya kadi.

Mtungi wa tano ulikarabatiwa na Profesa, kama walivyomwita. Fundi mwenye miaka ishirini kazini, mpole, anayemwita kila mtu shemeji.

"Shemeji."

Mlango ulifungwa taratibu. Profesa alisimama hatua mbili kutoka kwake, bastola ya Makarov yenye kiziba sauti mkononi.

"Mwenzako naye aliipenda taa hiyo," alisema. "Huli leo?"

"Sina njaa."

"Mikono yako inanisikitisha. Siku nane, bado unashika mtungi kama unakaba kuku. Uweke mezani. Polepole."

Kobe aliitazama mikono ya Profesa. Ufundi alianza nao ujanani. Uuaji alijifunza ukubwani.

Kobe akauachia mtungi.

Risasi haikutoka. Mikono yote miwili ya Profesa iliruka yenyewe. Bastola ilianguka. Akapiga magoti, akaudaka mtungi sentimita tatu juu ya sakafu.

Alibaki ameukumbatia, macho yamemtoka, akianza kuelewa alichokifanya.

Kobe aliushika mtungi shingoni, kisha akampa goti la kidevu.

Taa ziliwaka. Bi Gundi alikuwa mlangoni. Alimtazama mtu aliyelala, akaitazama bastola, halafu kile kiraka.

"Nani kaweka uchafu huu?"

"Huyu."

"Na wewe umeshika shingo! Lete hapa, mharibifu mkubwa."

Alikata kwa kisu chembamba, dakika ishirini, bila kupumzika, akitukana kwa sauti ya chini. Kiraka kilitoka kizima, kadi katikati yake. Kobe aliibana kwa koleo mpaka ikawa unga.

Akapiga simu.

"Shangazi?" aliuliza Mkuu.

"Hasafiri."

"Dada yako aambiwe?"

"Asiambiwe kitu. Aendelee na maisha yake."

Alimfunga Profesa pingu kwenye mguu wa meza, akachukua koti.

"We! Na cheti chako?" Bi Gundi aliuliza.

"Nimefeli, mama," alisema Kobe, akashuka ngazi.