Baridi Iliyounguza

Daktari alikutwa chali katika chumba cha hospitali cha kuhifadhia seli shina, chembe hai za kutibia wagonjwa, hana hata mkwaruzo, macho wazi. Ukungu mweupe ulikuwa bado unatambaa sakafuni. Mtungi wa nitrojeni baridi ya kugandishia seli haukuwa na kifuniko, na mlango ulifungwa kwa nje.

"Amekosa hewa," alisema mchunguzi wa maiti. "Nitrojeni ikijaa chumbani, oksijeni inakwisha."

Inspekta alichukia vifo vya kimya. Aliuliza kilichoibwa, akaambiwa hakuna. Ila dozi moja ya seli ilikuwa imemwagwa, dozi ya bibi kizee mwenye maradhi ya kusahau, ambaye sindano zilikuwa zimeanza kumrudishia kumbukumbu. Nani anachukia mgonjwa apone? Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Nyumbani kwa bibi, mlango ulifunguliwa na mtu mzima mpole aliyejitambulisha kuwa mwanawe, vidole vimefungwa bandeji. Alisema birika lilimuunguza. Bibi alikuwa kitini, akiutabasamia ukuta.

"Mama, huyu ni mwanao wa ngapi?" aliuliza inspekta.

Bibi alicheka taratibu. "Mimi sikujaliwa kuzaa, baba."

Inspekta alimgeukia aliyefungua mlango.

"Ni ugonjwa huo," alisema yule mtu upesi.

"Huenda. Fungua bandeji."

Malengelenge yake yalikuwa meupe, ngozi imekakamaa. Baridi kali nayo huunguza. Na inspekta alipochungulia jikoni, hamkuwa na birika.

Kituoni alikiri bila kusukumwa. Alikuwa fundi rangi, yatima tangu utotoni. Alikwenda kupaka kuta za nyumba ile, bibi akamwita mwanangu, akamwekea chakula. Hakuondoka tena.

"Daktari aliniambia nijiandae," alisema. "Sindano ijayo ingemkumbusha kwamba hanijui. Nilikwenda kuimwaga tu. Akanifuma. Nikatoka, nikamfungia kwa ufunguo uliokuwa mlangoni."

"Aligonga?"

"Kidogo. Halafu akaacha."

Wiki kadhaa baadaye polisi walimrudisha nyumbani kwa bibi, akaonyeshe alikoficha ufunguo wa chumba kile. Tiba ilikuwa imesimama pamoja na daktari wake, na jirani aliyemtunza bibi alisema hali inazidi kuwa mbaya. Bibi aliposikia hatua aliinuka, uso umejaa furaha, akamshika inspekta mkono.

"Mwanangu, mbona umechelewa hivi?"

Mwenye pingu akaita, "Mama."

Bibi alimtazama kwa muda, kisha akajificha nyuma ya inspekta.

"Na huyu uliyemleta ni nani?"