Aliyeshuka Milimani

Jioni ile Madeleine alikuwa ametoka kusaga muhogo. Mashine ya Base Camp, pale kambini Nakivale, ilishazimwa, unga umemtanda mpaka kwenye kope, na jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Masha. Jirani yake Godeberthe, Mrundi mwenye maneno machache, alikuwa akimsubiri njiani.

"Bado hajapiga?"

Madeleine alitikisa kichwa.

Elisée ndiye mtoto pekee aliyembakia. Wengine aliwazika kwao Fizi kabla ya kuikimbia vita. Mvua za kwanza zilipoanza, kijana huyo alivuka mpaka pale Kikagate na begi moja mgongoni, akaikata Tanzania mpaka kwenye gari moshi la kusini, lile linalokwenda Zambia, maana alikuwa fundi wa kushona, na aliambiwa huko cherehani hazina watu. Alipiga simu akiwa Mlimba, kituo kilicho chini ya milima. Ilikuwa wakati wa magharibi.

"Mama, sasa tunaingia mu milima. Banasema réseau ya simu hakuna mpaka ngambo ile. Nitakupigia tukitoka."

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Niko na mwenzangu hapa, tunaongea mingi. Usiogope."

Hakupiga tena.

Gari lenyewe lilifika salama. Madeleine aliulizia kwa kila mtu mwenye ndugu upande ule, na jibu likawa lile lile: hakuna ajali, hakuna maiti, abiria wote walishuka. Kama vile kijana aliingia milimani akasahauliwa humo. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Madeleine alifunga, akakonda, shamba lake likamezwa na magugu.

Godeberthe akamsogelea.

"Mume wangu Rénovat alipotelea njia hiyo hiyo," alinong'ona. "Na alirudi. Wote mlimwona akirudi. Kuna mzee Mbarara, pale Nyamityobora, anaitwa Léonidas. Anawaita watu waliopotea."

"Mimi ni mutu wa kanisa, Godeberthe."

"Na mimi ni Mkatoliki. Chagua."

Alilisema hilo akiwa ametazama chini.

*

Léonidas alikuwa na chumba kimoja nyuma ya karakana ya pikipiki. Mzee mwembamba, mpole, mwenye kikohozi. Hakuna tunguri ukutani, hakuna ngozi ya mnyama. Beseni tu la plastiki, limejaa maji ya mto Rwizi. Hakudai chochote, na hilo ndilo lililomtia Madeleine hofu.

"Umeleta nguo yake?"

Alitoa shati la Elisée. Mzee akasubiri jua lizame kabisa, kisha akamfunika Madeleine kichwa kwa lile shati na kumwinamisha juu ya beseni.

"Njia ile ni ndefu, mama, na milima ile haina mwenyewe. Wako watu waliokufia humo bila mtu wa kwao kuwaita. Hao hawafiki. Wanaendelea kusafiri. Sasa nisikie vizuri. Utaita mara moja tu. Usiite mpaka umwone uso. Mgongo usikudanganye. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Maji yalikuwa meusi. Yakanuka chuma kibichi... chuma na moshi wa zamani.

Kisha akasikia.

Kata-kata. Kata-kata. Kata-kata.

Aliona misitu isiyo na taa hata moja. Aliona daraja refu na mto chini yake, mbali sana, mweupe kama uzi. Mlima ukafunguka, ukameza, ukatema, halafu ukaja mlima mwingine. Mara akawa ndani ya behewa. Watu wamekaa kimya, wote wamempa mgongo, wote wanayumba pamoja. Na pale dirishani... lile bega. Ile shingo aliyoinyoa mwenyewe kwa wembe.

"Handaki linakuja," Léonidas alinong'ona kutoka mbali. "Acha wapite. Subiri watoke upande wa pili, utamwona uso."

Madeleine aliuona mdomo wa handaki ukija, mweusi, mpana. Alisubiri. Mungu anajua alijaribu kusubiri. Lakini mama gani ataona giza linamfuata mwanawe akanyamaza?

"Elisée! Mwanangu! Rudi nyumbani!"

Vichwa viwili viligeuka.

Mmoja akasimama.

Giza likafunika kila kitu.

Alipoinua kichwa, shati lilikuwa limelowa maji baridi kama ya kisimani. Léonidas alikuwa ameegemea ukuta.

"Nani aliyesimama?"

"Sikuona."

"Nilikwambia usubiri uso," mzee alisema. Akaanza kulia.

*

Alikuja jioni, wiki hiyo hiyo. Madeleine alikuwa anachambua maharage mlangoni. Akasikia kokoto zikigongana kwenye njia ambayo haina kokoto.

"Mama."

Alimwaga maharage yote. Alimkumbatia, akamshika mashavu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakajaa uani. Alikuwa Elisée. Macho ya Elisée, meno ya Elisée, kovu la Elisée kidevuni. Ni baridi yake tu... Baridi ile ilipenya nguo ikamfika Madeleine mifupani.

"Nimetembea mingi, Mama," alisema. "Niache nikae kwanza."

Akakaa. Na alipokaa, mwili wake ulianza kuyumba. Taratibu. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Hakuna aliyeliona ila mama.

Alikuwa mwema, huwezi kumlaumu kwa lolote. Alifyeka magugu, akachota maji, akasalimia wazee. Alijua habari za Fizi, alijua jina la bibi yake, alijua hata mbuzi waliyemwacha siku ya kukimbia. Lakini hakujua chungu cha maji kinakaa pembe ipi. Na Jumapili, kanisani, Madeleine akiwa amesimama kando yake, aligundua jambo jingine. Kijana aliyajua maneno yote ya wimbo. Sauti ya wimbo hakuijua. Aliyasema tu, kavu, kama mtu aliyesimuliwa.

Jioni ya siku hiyo simu ililia.

Kelele nyingi. Upepo. Kata-kata. Kata-kata.

"Mama? Réseau imerudi kidogo. Uko unanisikia?"

Alitoka uani na simu. Ndani ya nyumba, yule mwingine alikuwa anakoka moto. Aliuona mgongo wake ukiyumba.

"Elisée? Uko fasi gani?"

"Bado mu train, Mama. Si tumeacha Mlimba saa hii tu? Lakini hii giza haiishi." Alikuwa anahema. "Nilikusikia ukiniita. Nilisimama, Mama. Nilitaka kusimama. Ule mwenzangu alinitangulia ku mulango. Alikuwa ananiuliza mingi juu yako. Unapika nini, unaniita namna gani. Njo nikamwambia yote. Alisema yeye hana mutu wa kumwita..."

Ikakatika.

Alipogeuka, yule kijana alikuwa amesimama mlangoni.

"Chakula kiko tayari, Mama," alisema.

*

Kesho yake Madeleine alikimbilia Mbarara. Chumba cha Léonidas kilikuwa na kufuli. Fundi wa pikipiki alimtazama kwa huruma.

"Huyo muzee alienda, maama. Usiku alibeba vitu yake. Hakuaga mutu. Wewe ni wa tatu kuja kuuliza."

Alirudi Nakivale bila kwenda kwake. Alimkuta Godeberthe akipepeta mtama. Rénovat alikuwa amekaa kivulini, mikono magotini, anatazama vilima. Mwili wake ulikuwa unayumba. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma.

Mwaka mzima Madeleine alikuwa amepita pale akimsalimia, na hakuwahi kuliona hilo.

"Ulijua," alisema.

Godeberthe aliendelea kupepeta.

"Ulijua, ukanituma!"

"Nilitaka niwe na mwenzangu," Godeberthe alijibu. "Mume wangu wa kweli aliacha kupiga simu mwezi wa sita. Mpaka leo sijui alifika, au alichoka. Huyu ananilimia. Akisikia nalia ananiletea maji. Ningemfukuza aende wapi?"

"Na unalalaje?"

"Utazoea."

*

Hakuzoea. Kila jioni, jua likigusa Masha, Madeleine huenda nyuma ya nyumba na simu yake. Siku nyingine inalia, siku nyingine hailii. Mwanawe anauliza kama milima imebakia mingi. Anasema watu wanapungua behewani, wanaitwa mmoja mmoja, na wanaosimama si wale wanaoitwa. Anasema anasikia baridi.

"Muko karibu kutoka, mwanangu," Madeleine humwambia. "Nakuambia muko karibu."

Juzi, alipokuwa amemaliza kusema hivyo, alinusa chuma kibichi nyuma yake.

Kijana alikuwa amesimama na dumu la maji mkononi. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na machozi yenyewe hayakudondoka. Yaliyumba tu pamoja naye.

"Ule unamwita 'mwanangu'," alisema polepole. "Mimi tangu nifike, haujaniita vile hata mara moja."

Simu bado ilikuwa wazi. Upande wa pili, Elisée alikuwa anasikiliza.

"Jina lako nani?" Madeleine aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza. "Jina ya kwenu. Mama yako alikuita nani?"

Midomo ya kijana ilichezacheza kama mtu anayetafuta neno kwenye lugha aliyoisahau.

"Ungeniambia, ningemutafuta mama yako," Madeleine alisema, na sasa alikuwa anasihi. "Ningezunguka kambi yote. Ningemwambia akuite. Ungeenda kwenu, na ule wangu angepata mulango."

"Sikumbuki, Mama," kijana alisema. "Nilisafiri mingi mno."

Akalitua dumu chini, akanyoosha mkono wenye masizi chini ya kucha.

"Nipe nimusalimie," alisema. "Nilimuacha bila kumuaga."

Na kutoka kwenye simu, kwa sauti ndogo sana, katikati ya kelele za vyuma, Elisée akasema:

"Usimupe, Mama. Anataka kujua ile hatukumaliza kuongea, awe mimi kabisa."