Mdhamini Aliyekagua Mbavu

Kila mchana Mwanzia alifika kwenye bucha ya Soko la Burma, akavuta kiti, akaagiza mbavu za mbuzi.

"Nakagua mali," alisema, mdomo umejaa. Alikagua mpaka mifupa ikang'aa.

Nthenya alipangusa meza, akanyamaza. Aliona haya kumuuliza shemeji yake maswali. Kabla hajafariki, mumewe Kivuva aliiweka bucha chini ya amana, imsomeshe binti yao Kavinya. Akitimiza miaka kumi na minane, iwe yake. Wadhamini waliachwa wawili, Mwanzia na Nthenya. Lakini Nthenya alijua kazi moja tu ya mdhamini: kutia sahihi anapoambiwa.

Siku moja Mwanzia alikuja na karatasi badala ya njaa. Au tuseme alikuja na vyote viwili.

"Shemeji, friji hii imezeeka. Nimepata mnunuzi. Tia sahihi hapa."

"Mnunuzi ni nani?"

"Mtu mzuri sana. Mpole. Ana sura ya kupendeza."

Nthenya alisoma jina polepole. "Mwanzia! Si huyu ni wewe?"

"Kwani nimedanganya? Tazama sura!"

Nthenya aliigeukia friji. Bila friji, nyama itaoza. Nyama ikioza, bucha itafungwa. Kavinya atasomea wapi?

Kavinya, aliyekuwa likizoni, alitoka nyuma. "Hakuna kuuza! Hii bucha ni yangu, bana. Na Jumamosi nabeba mbuzi mmoja wa kuchoma, beste yangu ana bash."

"Mbuzi mzima?" Nthenya alishika kichwa.

Habibo, jirani anayeuza sufuria, alisikia yote, maana ukuta ni mabati. Alikuwa mdhamini wa duka la watoto wa marehemu dada yake huko Eastleigh. Akaingia bila hodi.

"Walahi, mtakula bucha na mabati yake! Mwanzia, mdhamini ni mtunzaji tu. Anafuata hati ya amana. Haruhusiwi kula mali, wala kujiuzia. Kila kinachotoka anakiwekea hesabu."

"Hata mbavu?"

"Hasa mbavu!"

Kavinya akacheka.

"Usicheke, we. Wewe ni mnufaika. Mali ni kwa faida yako. Una haki ya kusomeshwa na kuuliza hesabu. Lakini kubeba mbuzi, hapana. Subiri umri alioandika baba yako."

Kisha akageuka. "Na wewe, Mama Kavinya?"

"Mimi? Sijaonja hata utumbo!"

"Umenyamaza. Mdhamini akinyamaza mwenzake akila, lawama ni ya wote. Mali ikipotea, mahakama inaweza kuwadai nyote wawili."

Kumbe hata kimya chake kilikuwa kinakula! Akaichukua ile karatasi, akafungia mifupa ya mchana, akamkabidhi Mwanzia.

"Shemeji, nakuheshimu bado. Lakini friji haiendi popote."

Shule zilipofunguliwa, Kavinya alirudi darasani. Sasa kila likizo wadhamini wanakaa naye, wanamsomea hesabu, naye anauliza maswali mpaka Mwanzia anatoa jasho. Mbavu za zamani Mwanzia anazilipa kidogo kidogo, huku akinung'unika.

Juzi, Kavinya akiwa likizoni, Mwanzia alikuja tena. "Robo ya mbavu."

"Lipa kwanza," Nthenya alisema, wala hakuona haya.

Akalipa. Akaitazama nyama kwenye mizani, akameza mate. "Na nyongeza ya mdhamini?"

Kavinya alifunga nyama. "Anko, hati haijataja nyongeza."